Udongo wa Kipande cha Saba

Muleba, 23 Februari 1991

Mvua ya kwanza ya etoigo, masika yetu, imenyesha tangu alfajiri, na mimi nimenunua daftari. Si kwamba sina daftari. La kituo cha utafiti ninalo, lina jedwali na mistari, lakini halipokei maneno yangu. Msimu uliopita niliandika kwenye ripoti kwamba mkulima wetu ni mgonjwa. Rutashobya, mkuu wangu pale Bukoba, alinirudishia karatasi akiwa ameikata sentensi ile kwa wino mwekundu. "Hii si data, Getruda," aliniambia. Basi yale yasiyo data nitayaandika hapa.

Kazi yangu ni maharage. Hasa mizizi yake. Mharage hukaribisha bakteria kutoka udongoni, huwajengea vinundu vidogo kwenye mizizi, huwalisha sukari. Wao huchukua nitrojeni ya hewani na kumpa mwenyeji wao iwe mbolea. Ukikipasua kinundu kwa ukucha ukakuta wekundu ndani, wageni wanafanya kazi. Ukikuta weupe, wanakula tu. Huku kwetu nimepasua vinundu mpaka kucha zimebadilika rangi, na karibu vyote ni vyeupe. Udongo umechoka na umechachuka, na ng'ombe waliokuwa wakitoa samadi wameuzwa kuuguzia watu.

Isipokuwa kwa mkulima wetu Datius Mushumbusi. Msimu uliopita, kwenye kibanja chake, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yake, kipande cha saba ambacho hatukukiwekea chochote, kwa sababu kilikuwa cha kulinganishia tu, kilitoa maharage ya kijani kizito kuliko vipande vyote tulivyovihangaikia. Datius ndiye aliyeona kwanza. Mimi nilimbishia. Nilipopasua vinundu nikakuta vyote vyekundu. Niliwatenga bakteria wale kwenye mirija ya maabara nikawaita D-7. D ni ya Datius, ingawa Rutashobya anadhani ni herufi tu.

26 Februari

Kwa Datius tulichanganya mbegu za vipande vingine na ule unga mweusi wenye bakteria wa kituo. Mbegu ikishapakwa inatakiwa iingie ardhini siku hiyohiyo, kabla jua halijawaua wadudu. Tulikuwa tumefungua mistari miwili tu, kilio kikapigwa nyumba ya tatu kutoka hapo. Majembe yakawekwa chini. Siku nne hakuna kulima, ndiyo desturi. Mbegu zangu zimekufa kwenye beseni.

3 Machi

Mbegu nyingine, kilio kingine. Mama na bintiye, siku moja. Nimewapa kuku mbegu.

7 Machi

Kikao cha kijiji. Mwenyekiti amesema mambo waziwazi: tangu Januari kijiji kimelima siku kumi na moja tu, siku nyingine zote tulikuwa msibani, na tukiendelea hivi watakaosalia watakufa njaa. Imepitishwa kwamba jembe litalala siku ya maziko tu, kesho yake watu walime.

Nilipiga makofi. Nilikuwa peke yangu. Kwenye kona aliinuka Mama Bernadina, mama yake Datius, akiwa amejifunga khanga kiunoni.

"Kwa hiyo mwanangu akifa," alisema, "kesho yake mtalima?"

Datius mwenyewe alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, ameegemea fimbo, anatazama viatu vyake.

8 Machi

Hatimaye tumepanda. Paskazia, mke wa Datius, alichimba. Mimi niliweka mbegu. Datius alikaa kwenye kigoda chini ya migomba akitoa amri. Aliwahi kuwa askari. Mwaka 1979 alibeba masanduku ya risasi kutoka Kyaka hadi ng'ambo ya mpaka. Leo alishindwa kuinua ndoo ya maji nusu.

Jirani mmoja alipita barabarani akapaza sauti kwamba kituo kinaleta wadudu hai kwenye unga, na kila mtu anajua wadudu hai wamefanya nini mkoa huu. Nilitaka kumjibu vibaya. Datius alicheka mpaka akakohoa.

"Usimjali, bibi shamba. Wadudu wako wamechelewa. Wangu walitangulia."

Paskazia hakucheka. Nami nilicheka kwanza, ndipo nikaona aibu.

15 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Maharage yameota yote, kipande cha saba nacho.

24 Machi, Nyanga

Nimerudi nyumbani kwangu, Bukoba mjini, kufua nguo na kuiona maabara. Barua imefika kutoka chuo kikuu cha Ulaya tunachoshirikiana nacho. Wanautaka mrija wa D-7 kabla ya mwisho wa Mei, wamsome bakteria huyu jeni kwa jeni. Mwaka jana wenzao waligundua namna bakteria na mzizi wanavyozungumza. Mzizi hutoa kemikali udongoni. Bakteria anayeifahamu hujibu kwa molekuli yake mwenyewe. Mzizi ukiitambua, kinyweleo chake hujikunja, humkumbatia na kumfungulia. Wanataka kujua D-7 anasema nini kinachomwezesha kufanya kazi kwenye uchachu unaowashinda wenzake. Wakijua, itawezekana kutengeneza unga wa kutosha wilaya nzima.

Nimeisoma barua mara tatu. Kwa mara ya kwanza tangu dada yangu afariki, nimeimba nikiwa nafua.

27 Machi, Muleba

Nilimsomea Datius barua ile, nikaifasiri kadiri nilivyoweza. Alisikiliza huku amefumba macho.

"Kwa hiyo mlango unafunguliwa kwa ndani," alisema.

"Ndiyo."

"Na wale weupe, wanaokula tu? Nao wanajua kubisha hodi vizuri?"

"Nao wanajua. Mzizi hauwezi kuwatofautisha mlangoni."

Paskazia alikuwa anamenya ndizi karibu yetu, na mtoto wao wa mwaka mmoja amelala mgongoni.

"Basi mzizi hauna kosa," alisema Datius. Alisema akimtazama mkewe. Paskazia hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama.

Niliaga mapema nikijua kwamba maneno yale hayakunihusu.

2 Aprili, Bukoba

Nimefanya upumbavu. Kabla ya Pasaka nilipaswa kuhamishia D-7 kwenye mirija mipya. Nilisema nitafanya Jumatatu. Nilikwenda Kashozi nikakaa siku nne kwenye kaburi la dada yangu, nikipalilia maua ambayo hayakuwa na magugu. Leo nimefungua friji: umeme ulikatika, maji yamevuja, pamba za mirija zimelowa, ukungu umeota kwenye mirija yote sita. Nimejaribu kuokoa kidogo kidogo kutoka chini. Nadhani haitawezekana.

Sijamwambia Rutashobya.

6 Aprili, Bukoba

Haikuwezekana. D-7 sasa yupo mahali pamoja tu duniani ninapopajua: kipande cha saba, hatua tatu kwa hatua mbili, kwenye kibanja cha mtu anayekufa. Maharage yakitoa maua, vinundu vitakuwa vimekomaa. Nitang'oa miche kumi na tano na nitaanza upya. Maua ni kama tarehe kumi na nane. Nahesabu siku kama mwanafunzi anayesubiri likizo.

9 Aprili, Muleba

Datius hatoki tena ndani. Nilimwambia ukweli kuhusu mirija kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumwambia. Nilitegemea anigombeze. Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa na joto jingi.

"Bibi shamba, ng'ombe nimeuza. Baiskeli nimeuza. Huyu mtoto akikua akiuliza baba aliacha nini, Paskazia atamwonyesha nini? Usiache wadudu wangu wapotee."

Nilimwahidi. Niliahidi haraka mno, kama mtu anayetaka kuondoka.

14 Aprili

Ua la kwanza, jeupe, kipande cha saba. Nimevipa vinundu siku tatu zaidi vijae.

16 Aprili

Datius amefariki leo asubuhi, mvua ikiwa inanyesha.

Nilifika saa tatu. Uani wanaume walikuwa wameshaanza kujadili kaburi. Huku kwetu mtu huzikwa kibanjani kwake, karibu na waliomtangulia, na kaburi la baba yake Datius liko pembeni mwa migomba mitatu mikubwa. Ubavuni mwake ndipo mahali pa mwana. Na ubavuni mwake ndipo kilipo kipande cha saba. Mimi ndiye niliyepachagua mwaka jana, kwa sababu palikuwa wazi na tambarare. Nilikuwa nimeona kaburi la mzee, nikalichora kwenye ramani yangu kama "kizuizi, mashariki". Sikujiuliza kwa nini familia yenye uhaba wa ardhi imepaacha wazi. Datius bila shaka alijua. Alinipa mahali pa kaburi lake nipande maharage, na hakusema neno.

Nataka kuandika nilichofanya bila kujitetea. Nilimwendea Karugendo, baba mdogo wa Datius, ambaye alikuwa anapima kwa kamba. Nikamwomba, kwa sauti ndogo, kama kaburi lingeweza kusogea hatua tatu upande wa pili. Nikaanza kueleza. Nilitamka neno "utafiti". Nilitamka neno "Ulaya". Karugendo alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

Aliyeelewa alikuwa Mama Bernadina. Alikuwa nyuma yangu.

"Mnasogeza mwanangu kwa ajili ya maharage?" aliuliza. Hakupiga kelele. "Kijiji kimemnyima siku zake nne. Sasa wewe unamnyima hata ubavu wa baba yake?"

Nilisema, "Nisamehe, mama." Alikuwa ameshageuka. Halafu aliwaambia watu wote kwamba kikao kiseme kinachosema, kwenye kibanja chake jembe litalala siku nne, na atakayeng'oa hata jani ataona.

Nilikaa na wanawake ndani. Paskazia aliniegemea begani, hakujua nilichokuwa nimetoka kukisema nje. Nilijichukia sana, na bado akilini nilikuwa nahesabu vinundu.

17 Aprili

Walichimba asubuhi. Miche ilikatwa, ikakanyagwa, ikatupwa kwenye migomba pamoja na majani waliyokalia waombolezaji jana. Nilitazama udongo unavyotoka. Kwanza ulitoka ule mweusi wa juu, wenye mizizi, ukawekwa kushoto. Halafu ulitoka ule mwekundu wa chini, ukawekwa kulia, mwingi. Nilijua namna utakavyorudi: mweusi utatangulia shimoni kwa mikono ya waombolezaji, mwekundu utafuata, na kesho kutwa mafundi wataweka saruji juu. D-7 angezikwa futi sita chini, mahali ambapo hakuna mzizi wa mharage utakaofika.

Ningeweza kumwomba Paskazia. Nilikuwa nimeshaomba mara moja, na nilikuwa sina uso wa kuomba tena.

Ulipofika wakati wa kila mtu kutupa udongo kaburini, nilipanga mstari kama wengine. Niliinama kwenye lundo jeusi, nikashika konzi. Kulikuwa na kipande cha mzizi ndani yake, nilikisikia kidoleni. Nilinyoosha mkono juu ya shimo, nikaachia kidogo tu. Kilichobaki nilikifumbata, na nilipopita nyuma ya watu nikakitia mfukoni mwa sketi.

Sijawahi kuiba kitu maishani mwangu. Nimeanza na kaburi.

18 Aprili, Nyanga

Nimechemsha mchanga, nimeutia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, juu yake ule udongo. Nimepanda mbegu mbili. Upo dirishani.

27 Aprili, Nyanga

Mbegu moja imeota. Nyingine imeoza.

4 Mei, Muleba

Nilikwenda kwenye vipande vya wakulima wengine. Milango mitatu, na yote mitatu wenyewe "wamesafiri", ingawa moshi wa jikoni ulikuwa unatoka. Mwanamke wa mlango wa nne alinijibu kwa Kihaya akiwa amesimama mbali, mikono nyuma, kwamba Mama Bernadina aliniona siku ya maziko. Aliona mkono wangu ukienda mfukoni. Kila mtu anajua mtu achukuaye udongo wa kaburi anaupeleka wapi na kwa kazi gani.

Nilitaka kusema si uchawi, ni bakteria. Nikawaza namna ambavyo ingesikika.

10 Mei

Mvua imeanza kupungua. Kituo kimeniuliza kwa barua kwa nini takwimu za Muleba hazifiki.

14 Mei, Muleba

Mambo ni mabaya kuliko nilivyodhani. Si mimi ninayelipa. Ukoo utakaa tarehe kumi na tisa kuzungumza juu ya kibanja. Wapo wanaosema Paskazia aliuza udongo wa mumewe kwa watu wa kituo, kwamba nilionekana nimeegemewa naye siku ya msiba, kwamba mke wa namna hiyo arudishwe kwao na mtoto abaki. Nimeambiwa na Paskazia mwenyewe, sokoni. Amekonda, na anakohoa.

"Dada," aliniuliza, "wanasema uongo, si ndiyo? Hukuchukua kitu?"

Nilimwambia tutaongea. Nilinunua nyanya nisizozihitaji nikaondoka.

18 Mei, Nyanga

Mche una siku thelathini. Niliufukua pembeni kwa kijiko. Kuna vinundu tisa. Nilikata kimoja, nikakipasua kwa ukucha.

Chekundu.

Nililia jikoni nikiwa nimesimama. Mpango wa akili yangu ulikuwa rahisi: vinundu vinane nivisage leo, niwaoteshe bakteria, mwisho wa Mei mrija uende Ulaya, na ahadi yangu kwa Datius itakuwa imetimia. Na kesho ukoo utamfukuza mke wake kwenye kibanja kwa konzi yangu ya udongo. Nitakuwa nimewaokoa wadudu na kuwapoteza watu wake.

Nimekaa na mkebe huu mapajani tangu saa nane. Rutashobya angesema hilo la pili si data. Nimefika mahali ambapo simwelewi tena, na nadhani yeye naye anaogopa kama mimi. Mke wake hajaonekana kanisani tangu Krismasi.

19 Mei, Muleba

Nilipanda basi la asubuhi na mkebe nimeupakata. Walikuwa wamekaa uani, wanaume kwenye mabenchi, Mama Bernadina kwenye mkeka, Paskazia peke yake karibu na mlango. Karugendo aliniuliza nimealikwa na nani. Nilisema sijaalikwa, nimeleta kitu chao.

Niliuweka mkebe katikati. Nilisema, "Waitu, waheshimiwa, udongo niliuchukua mimi. Paskazia hakujua. Nilimficha hata sokoni aliponiuliza."

Kelele zikainuka. Karugendo alizituliza kwa fimbo.

"Wa kufanyia nini?"

Nikaeleza, safari hii bila Ulaya. Nilisema kwamba katika ardhi ya Datius kuna viumbe wadogo wanaolisha maharage, kwamba yeye ndiye aliyewaona kwanza, kwamba niliwapoteza wale niliokuwa nao kwa uzembe wangu, na kwamba kabla hajafa alinisihi wasipotee ili mtoto wake aonyeshwe kitu. Nilisema niliogopa kuomba kwa sababu ya nilichomwambia mzee Karugendo siku ya kaburi.

"Kwa hiyo ukaiba," alisema Karugendo.

"Nikaiba."

Mama Bernadina aliinuka. Alinitangulia hadi kaburini bila kunitazama. Saruji ilikuwa haijawekwa, fedha hazikutosha, palikuwa na tuta la udongo mwekundu tu na msalaba wa mti. Alinyoosha kidole pale kwenye tuta. Nilipiga magoti nikaumimina mkebe wote, mchanga, udongo, mche na mizizi yake. Nilichimba kwa vidole nikausimamisha mche. Ukoo mzima ulikuwa unatazama.

"Umerudisha wote?" aliuliza.

Nilifungua mkoba. Ndani ya karatasi kulikuwa na kile kinundu kimoja nilichokikata jana, kimekauka, hakifai kwa lolote. Nilikitoa nikakizika karibu na mche.

"Sasa wote," nilisema.

Karugendo alisema mbele ya watu kwamba jambo la mke limekwisha na kibanja ni cha mtoto, mama yake atakitunza. Mimi niliambiwa nisikanyage tena. Paskazia alikuwa ameingia ndani, na sikupata nafasi ya kumuaga.

31 Mei, Bukoba

Nimewasilisha ripoti. "D-7: haikupatikana." Chini yake niliandika kwamba mkulima aliyemgundua amefariki na kosa la mirija ni langu. Rutashobya alisoma mbele yangu. Alichukua kalamu nyekundu, akaishika muda mrefu, akairudisha mfukoni. Hakukata neno.

6 Juni

Mvua imekwisha. Vumbi limeanza.

11 Juni, Bukoba

Leo mlinzi aliniita getini, kuna mgeni. Alikuwa Paskazia, mtoto mgongoni, na kitu mikononi kimefungwa kwa khanga. Alikuwa ametoka Muleba kwa basi la kwanza. Kikohozi alichokuwa nacho sokoni bado anacho.

Nilianza kusema pole, nisamehe. Alinikatiza, akafungua khanga. Ndani mlikuwa na mkebe wangu uleule, umejaa udongo, na mharage wenye maganda manne yaliyojaa, majani ya chini yameshaanza kuwa manjano.

"Mama aliujengea uzio wa miti," alisema. "Kuku walikuwa wanausumbua. Kila jioni alikuwa anaumwagia maji, anazungumza nao. Nadhani anazungumza na Datius. Jana alichukua jembe akauchimbua mwenyewe, na udongo wake. Hakutaka nimsaidie."

"Mama Bernadina?"

"Amesema nikupe, na nikuambie neno moja." Paskazia alimsogeza mtoto mgongoni. "Amesema: ungeomba."

Nilisimama pale getini na mkebe mikononi, nikiwa na miaka ishirini na tisa, stashahada na pasi ya kituo, na neno lile sikuwa na pa kuliweka.

Tuliingia maabara. Vinundu vingi vilikuwa vimezeeka, lakini kimoja kilikuwa bado kigumu. Nilimpa Paskazia akipasue yeye. Alikipasua kwa ukucha wake, akamwonyesha mtoto kidole. Kilikuwa chekundu.

Nilipochukua mrija na kuandika lebo, alisogea kutazama.

"Hiyo D ni nini?"

"Ni ya Datius."

"Nani atajua?" alisema. "Andika jina lote."

Nimeandika lote. Lebo ni ndogo, herufi za mwisho zimepanda ukingoni, lakini linasomeka.